Ozoni ya chini na wabunge wa Colorado: maswali yanayorudi kila majira ya joto

Ikifika Juni, simu za watu wa Denver na Aurora, jimboni Colorado nchini Marekani, huanza kupokea ujumbe wa tahadhari ya ozoni. Wengi wetu huusoma, tukaufuta, tukaendelea na shughuli. Kisha jioni mtu huuliza kwenye grupu: hii ozoni ni kitu gani, na hao tuliowapigia kura wanafanya nini? Yafuatayo ni maswali yanayojirudia zaidi. Mahali pengine nimejibu kwa urefu, pengine kwa mkato, kwa sababu si kila swali lina uzito sawa.

Si ozoni ndiyo inayotukinga na jua?

Ile ya juu, ndiyo. Kuna tabaka lake kilomita 15 hadi 35 hivi juu ya vichwa vyetu, nalo huchuja miale mikali ya jua. Nairobi, pale Dagoretti, wataalamu wa hali ya hewa wamekuwa wakirusha maputo kwa miaka mingi kuipima. Gesi ni ile ile, atomu tatu za oksijeni zilizoshikana. Kinachobadilisha habari ni mahali ilipo. Moto ukiwa jikoni hupika, ukiwa darini huteketeza nyumba.

Ikiwa hapa chini tunapovuta pumzi, ozoni huwasha koo, hukaza kifua, huamsha pumu, na huumiza mapafu ya watoto, wazee na wote wanaofanya kazi nje. Hata mpira haupendi. Mwanakemia Mholanzi Arie Haagen-Smit, aliyegundua chanzo cha moshi wa Los Angeles mwanzoni mwa miaka ya 1950, aliitumia dalili hiyo hiyo: alikunja vipande vya mpira na kuangalia jinsi vinavyopasuka vikiwa ndani ya hewa ile.

Nani anaitoa?

Hakuna. Hapo ndipo kichwa cha mtunga sheria kinapoanza kuuma. Huwezi kwenda kwenye bomba fulani la kiwanda ukasema ozoni inatoka hapa. Inapikwa hewani. Viungo ni viwili: oksidi za nitrojeni, zinazotoka kwenye injini na mitambo inayochoma mafuta, na mivuke ya kikaboni, ile inayonukia unapojaza petroli, unapopaka rangi, au inayovuja kwenye visima na matangi ya mafuta. Mpishi ni jua. Ndiyo maana asubuhi hewa huwa afadhali, na ubaya hufika kileleni kati ya saa nane na saa kumi na moja jioni.

Kuna na ujanja mwingine. Moshi wa magari ukiwa mbichi hula ozoni iliyopo karibu. Matokeo yake, katikati ya mji kunaweza kupimwa ozoni kidogo kuliko kwenye vitongoji vya mlimani ambako hakuna foleni. Vituo vya kupimia hewa vya Rocky Flats, Golden na Chatfield mara nyingi husoma juu kuliko katikati ya Denver. Mbunge anayetetea eneo lake kwa kusema "kwetu hakuna viwanda" huenda ndiye mwenye hewa mbaya kuliko wote.

Kwa nini Denver hasa?

Panda ngazi za upande wa magharibi za jengo la Bunge la Jimbo utakuta alama inayosema upo maili moja juu ya usawa wa bahari, yaani mita 1,609. Kwa mwinuko huo jua ni kali, na jua ndilo mpishi. Upande wa magharibi kuna Milima ya Rocky. Mchana upepo huisukuma hewa chafu kuelekea mlimani, usiku huirudisha. Mchuzi ule ule, unapashwa moto upya kesho yake.

Halafu kuna mafuta. Sehemu kubwa kabisa ya mafuta ya Colorado hutoka Kaunti ya Weld, kaskazini mashariki ya Denver. Mwaka 2014 ndege za utafiti za NASA na za kituo cha sayansi ya anga cha NCAR, chenye makao yake Boulder, zilizunguka juu ya eneo hili kuchukua sampuli. Zilikuta kwamba katika siku zenye ozoni nyingi, magari na sekta ya mafuta na gesi kila kimoja kilichangia kati ya asilimia 30 na 40 ya ozoni inayotengenezwa hapa hapa. Takwimu hiyo imetajwa bungeni mara nyingi, kwa sababu inazima ule mchezo wa kurushiana mpira. Magari yanalaumu visima, visima vinalaumu magari, na wote wawili wamo.

Mbona nje naona anga safi kabisa?

Ozoni haionekani. Ukungu wa kahawia unaouona ukining'inia juu ya mji, hasa wakati wa baridi, ni chembechembe na gesi nyingine. Siku mbaya ya ozoni inaweza kuwa na anga la buluu ambalo mtu angelipiga picha na kuwatumia ndugu zake.

Kiwango kinachoruhusiwa ni kipi?

Serikali kuu ndiyo inayokiweka, kupitia shirika lake la mazingira, EPA, chini ya Sheria ya Hewa Safi ya 1970. Mwaka 2008 kiliwekwa sehemu 75 kwa kila sehemu bilioni za hewa, na mwaka 2015 kikashushwa hadi 70. Hupimwa kwa wastani wa saa nane.

Haihesabiwi siku mbaya kuliko zote. Kila kituo huchukua siku yake ya nne kwa ubaya katika mwaka, kisha hupiga wastani wa miaka mitatu. Kwa hiyo siku tatu mbaya unasamehewa. Ya nne ndiyo inayokutia hatiani, na kiangazi kimoja kibaya hukuandama kwa miaka mitatu.

"Mbaya sana" maana yake nini? Nani alitupa cheo hicho?

EPA ina madaraja matano kwa maeneo yaliyoshindwa kufikia kiwango. Kwa Kiswahili tunaweza kuyaita: kidogo, wastani, mbaya, mbaya sana, na kupindukia. Los Angeles na Bonde la San Joaquin zimekaa kwenye kupindukia. Eneo letu, kaunti tisa za mbele ya milima, nyingine nzima na nyingine kipande, lilishushwa hadi "mbaya" mwishoni mwa 2019 na hadi "mbaya sana" mwaka 2022, kwa kile kiwango cha 2008.

Kuna kisa kidogo hapo. Kabla ya 2019 Colorado ilikuwa imeiomba EPA isishushwe daraja, kwa hoja kwamba sehemu ya ozoni yetu inapulizwa kutoka nchi za nje. Gavana Jared Polis alipoingia madarakani aliliondoa ombi hilo. Aliamua, kwa maneno mengine, kwamba mwanafunzi aache kumsingizia jirani yake na akubali alama zake.

Daraja si aibu ya karatasi tu. Mtambo unaotoa tani 25 za uchafuzi kwa mwaka sasa unahesabiwa kuwa mkubwa, wakati zamani ilikuwa tani 50 na kabla ya hapo 100. Maana yake ni biashara nyingi zaidi kuhitaji vibali vizito. Tangu kiangazi cha 2024 vituo vya petroli vya eneo hili vinatakiwa kuuza petroli ya mchanganyiko maalumu usiovukiza sana. Na kama kiwango cha 2008 hakijafikiwa ifikapo Julai 2027, sheria inafungua mlango wa tozo za adhabu kwa mitambo mikubwa.

Kama kiwango ni cha Washington, wabunge wa Denver wanahusikaje?

Washington inasema ufike wapi. Njia ya kufika huko inachorwa na jimbo. Na ndani ya jimbo, kanuni za kila siku hazitungwi na wabunge bali na Tume ya Kudhibiti Ubora wa Hewa. Wabunge huipa tume mamlaka, huipa tarehe, huipa fedha au kuinyima, na huweza kuiamuru. Mwaka 2019, kwa mfano, walibadilisha kazi ya msingi ya chombo kinachosimamia mafuta na gesi: badala ya kukuza uchimbaji, kikatakiwa kutanguliza afya na usalama wa watu. Ukisikia mtu analalamika kwamba "bunge limefanya hivi" kuhusu hewa, uliza kwanza kama ni bunge au tume. Mara nyingi ni tume.

Kamati ya ozoni ya 2023 ilikuwa ya kweli, au ni ile "tuunde tume" tunayoijua?

Nacheka kila ninapoulizwa hili, kwa sababu kila Mswahili anajua: jambo likiwa moto, linaundiwa tume, tume inakula posho, ripoti inakaa kabatini. Jibu langu ni kwamba ilikuwa vyote viwili.

Katika kikao cha 2023 kulikuwa na muswada mpana, namba 1294, uliokuwa na hatua nyingi za kubana vibali na utoaji wa gesi chafu. Njiani ulikatwa viungo kimoja baada ya kingine. Gavana alipousaini, kilichobaki kikubwa kilikuwa ni kuunda kamati ya wabunge ya kuchunguza ozoni katika miezi ambayo bunge halikai. Kwa hiyo waliosema kamati ilikuwa pahali pa kuuhifadhi mzozo hawakukosea.

Lakini kamati za namna hiyo zina meno kuliko tume zetu za nyumbani. Bunge la Colorado hukaa siku 120 tu, Januari hadi Mei, na katika siku hizo hakuna anayepata nafasi ya kufikiri. Kiangazi ndipo wabunge wanapoweza kukaa siku nzima juu ya jambo moja. Na kamati inaruhusiwa kuandika miswada yake na kuipeleka kwenye kikao kijacho, si ripoti tu.

Wabunge si wanakemia. Wanajifunzaje?

Kwa kusikiliza, kwa kuuliza maswali ya kijinga (haya ndiyo mazuri), na kwa kutegemea watumishi wa bunge ambao si wa chama chochote. Hao watumishi ndio injini. Kundi moja hufanya utafiti na kuandaa makadirio ya gharama ya kila muswada. Kundi jingine ni wanasheria wanaogeuza wazo la mbunge kuwa lugha ya sheria.

Siku ya kamati huenda hivi. Anaanza mtaalamu wa anga na ramani zake za rangi: nyekundu ya Julai, upepo, milima. Anafuata mtu wa idara ya afya ya jimbo. Kisha baraza la hewa la kanda, ambalo ndilo huandaa mipango ya eneo letu. Baada yao wanakaa meza moja watu wa kampuni za mafuta na watu wa mazingira, na hapo chumba kinabadilika. Jambo ambalo mtaalamu alilisema kwa upole saa moja iliyopita sasa linasomwa kwa namna mbili zinazopingana. Kampuni huonyesha kwamba uchafuzi kwa kila pipa umeshuka. Wanamazingira huonyesha kwamba vituo bado vinasoma juu ya 70. Wote wanasema kweli.

Swali gumu kuliko yote kwa mbunge si la kemia. Ni hili: nikipunguza kiungo kipi, ozoni itashuka kiasi gani, wapi, na nani atalipa? Modeli za kompyuta hujibu kwa kukadiria. Ukipunguza mivuke ya kikaboni pekee, mahali pengine hupati kitu. Ukipunguza oksidi za nitrojeni kidogo tu, katikati ya mji ozoni inaweza hata kupanda kabla ya kushuka. Mbunge anayetaka jibu la ndiyo au hapana huondoka hapo na uso wa mtu aliyeuliza bei akajibiwa kwa methali.

Mimi ninaweza kwenda kusema?

Unaweza. Katiba ya Colorado, kwa marekebisho ya 1988, inataka kila muswada upate kusikilizwa na kupigiwa kura kwenye kamati. Hakuna mwenyekiti wa kuukalia. Unajiandikisha mtandaoni, unakwenda mwenyewe, unaunganishwa kwa video, au unaandika. Dakika zako huwa mbili au tatu, na saa ya kuhesabu ipo mbele yako.

Mara ya kwanza nilipokaa kwenye viti vile vya wasikilizaji, nilimwona mama mmoja akiitwa mezani. Alikuwa na karatasi tatu. Alisoma sentensi mbili, sauti ikamkwama, akaacha karatasi, akatoa kwenye mkoba kipumulio cha mtoto cha rangi ya buluu, akakiweka juu ya meza karibu na kipaza sauti. Akasema, "Hiki tulikitumia mara nne wiki iliyopita." Akanyamaza, na dakika moja ilikuwa bado haijaisha. Waliomtangulia walikuwa wamesema kwa dakika zao zote tatu na sikumbuki neno lao hata moja.

Ushauri wangu: sema kilichotokea nyumbani kwako au kazini kwako. Takwimu wanazo.

Kikao cha 2024 kilileta nini?

Kilianza kwa kishindo. Muswada mmoja ulitaka kusitisha utoaji wa vibali vipya vya kuchimba kabisa ifikapo 2030. Ulianguka kwenye kamati mwezi Machi. Mwingine ulitaka uchimbaji usimame katika miezi ya joto ndani ya eneo letu. Mwingine ulitaka kukaza masharti ya vibali. Upande wa pili kampuni za mafuta zilikuwa zinaandaa hoja za kupeleka kwenye kura ya wananchi Novemba, na wanamazingira nao walikuwa na za kwao. Mamilioni ya dola yalikuwa tayari kumwagwa kwenye matangazo.

Mwishoni mwa Aprili gavana akatangaza mapatano. Miswada mikali ikaondolewa, hoja za kura zikaondolewa pande zote, na pande zote zikakubali kusitisha mapigano hadi 2027. Badala yake zikaja sheria mbili, zikasainiwa Mei. Muswada wa Seneti namba 229 unaamuru tume itunge kanuni za kupunguza oksidi za nitrojeni za visima vya eneo letu kwa asilimia 50 ifikapo 2030, ukilinganisha na 2017. Namba 230 unaweka ada kwa kila pipa na kila kipimo cha gesi kinachozalishwa. Wakati ule ilikadiriwa ingeleta takriban dola milioni 138 kwa mwaka: asilimia 80 kwa usafiri wa umma, asilimia 20 kwa ardhi na wanyamapori.

Je, ni ushindi? Lengo la asilimia 50 gavana alikuwa ameshaziagiza idara zake mwaka mmoja kabla, kwa hiyo sheria iliweka msumari kwenye ubao uliokuwa umeshachongwa. Ada ndiyo mpya kweli. Kilichonikera ni kwamba yale yaliyosikilizwa hadharani majira yote ya joto yalimaliziwa chumbani, kati ya watu wachache, katika siku za mwisho za kikao. Yule mama hakuwa na kiti humo.

Kwa nini ni "ada" na si kodi?

Kwa sababu tangu 1992 katiba ya jimbo, kwa kifungu kinachojulikana kama TABOR, inakataza kupandisha kodi bila kuwauliza wapiga kura. Ada inayokwenda kwa shirika la serikali linalotoa huduma mahsusi haihesabiwi kuwa kodi. Wanasheria wa bunge wanaujua mpaka huo kama mvuvi anavyojua mwamba.

Mabasi ya bure yalisaidia?

Yaliwasaidia abiria. Sheria ya 2022 ilitoa fedha ili mabasi na treni za RTD, shirika la usafiri wa umma la eneo la Denver, ziwe bure Agosti ile, na mwaka uliofuata zikawa bure Julai na Agosti. Abiria waliongezeka kwa zaidi ya moja ya tano mwezi huo wa kwanza. Kwa ozoni ni vigumu kudai mengi, maana si kila aliyepanda bure aliacha gari nyumbani. Fedha zilipokauka, mpango ukaisha. Kufikia 2025 miezi ya bure kwa watu wazima haikuwapo tena.

Mashine za kukata nyasi? Mnatania?

Hatutanii. Injini ndogo ya petroli haina vichujio kama gari, na huchafua kupita ukubwa wake. Baraza la hewa la kanda lilipendekeza kupiga marufuku mauzo yake katika kaunti tisa. Tume, Februari 2024, haikukubali kwenda mbali hivyo. Ikazibana idara za umma zisitumie mashine hizo Juni hadi Agosti, kuanzia 2025. Bunge nalo lilikuwa limeshapitisha sheria ya punguzo la asilimia 30 kwa mashine za umeme, iliyoanza Januari 2024. Kama unaishi kwa kukata nyasi za watu, punguzo hilo ni lako pia likiwa bado lipo: uliza dukani kabla hujalipa.

Si moshi wa moto wa misitu na hewa ya nje ndiyo inayotuponza?

Kwa sehemu. Mwaka 2021 moshi wa California ulituharibia kiangazi kizima. EPA huruhusu siku za namna hiyo ziondolewe kwenye hesabu zikithibitishwa. Lakini utafiti wa 2014 ulipima kinachotengenezwa hapa, na hicho ndicho kilicho mikononi mwa wabunge wa hapa.

Majimbo mengine yanafanyaje?

California ina ruhusa ya kihistoria ya kuweka viwango vyake vya magari, na Colorado ilikuwa imevifuata. Juni 2025 Rais Trump alisaini maazimio ya Kongresi, bunge la Washington, kufuta ruhusa kadhaa kati ya hizo, na California ikaenda mahakamani. Utah ina ajabu yake: katika Bonde la Uinta ozoni hupanda wakati wa baridi. Theluji huakisi jua, hewa baridi hujifungia bondeni, na visima vinaendelea kuvuja. Wyoming imeliona jambo hilo hilo. Mbunge wa huko akinakili sheria ya Denver inayohusu Juni hadi Agosti atakuwa amefunga mlango wa mbele na mwizi yupo dirishani.

Siku ya tahadhari nifanye nini?

Mazoezi na kazi nzito za nje fanya asubuhi. Petroli jaza jioni jua likishazama. Barakoa haisaidii, maana ozoni ni gesi na inapita. Ndani ya nyumba huwa kidogo kuliko nje, kwa hiyo mchana funga madirisha kama joto linavumilika. Na shule zikifunguliwa Agosti, wakati msimu haujaisha, hakikisha kipumulio cha mtoto kipo kwenye begi na si kwenye kabati la bafuni, na mwalimu anajua kilipo.